Kompyuta Inapodai Haina Diski



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza lingefaa kuachiwa mafundi peke yao: kompyuta ambayo, baada ya jaribio la kuiwekea mfumo endeshi mpya kushindikana, inadai kwamba haina diski. Tumekubali kulizungumzia kwa sababu malalamiko ya aina hii hayatufikii kama suala la ufundi. Yanatufikia kama suala la fedha iliyolipwa bure, na mara nyingine kama suala la kumbukumbu za miaka kadhaa zilizofutwa na mtu aliyekuwa na nia njema ya kusaidia.

Yako mazingira yaliyolifanya tatizo hili kuwa la kawaida. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma ya kawaida ya Windows 10, na watu wengi wakalazimika kufikiria kuhamia Windows 11. Wengine, kwa ushauri mzuri kabisa, wameondoa diski za zamani zenye sahani zinazozunguka na kuweka diski za SSD ili kuipa mashine yao umri wa pili. Kazi zote mbili huhitaji kusakinisha mfumo, na usakinishaji ni safari ambayo ikikatika njiani huacha mashine mahali pasipoeleweka.

Tuanze na mama mmoja, mhazini wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyefika ofisini kwetu akiwa na kompyuta mpakato ndani ya mfuko wa kitenge na diski mbili ndani ya bahasha. Kompyuta hiyo ilikuwa imepelekwa kwa fundi ili ihamishwe kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Kazi ikiwa katikati, umeme ulikatika. Betri ilikuwa imechoka kiasi cha kushindwa kubeba mzigo hata kwa dakika tano, na mashine ikazimika. Ilipowashwa tena, iliandika kwamba haikupata kifaa chochote cha kuwashia mfumo. Fundi akachomeka flashi yenye programu ya kusakinishia Windows, nayo ikasema haioni diski hata moja. Hukumu ikatolewa pale pale: diski imekufa. Mama akanunua diski mpya. Ikafungwa, na flashi ikasema maneno yale yale. Ndipo alipoambiwa kwamba ubao mama, au mazabodi kama wengi wanavyouita, nao umeharibika, na kwamba gharama ya kuubadilisha inakaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika.

Ndani ya diski ya kwanza mlikuwa na hesabu za hisa na mikopo ya wanachama wote, na siku ya mgawanyo ilikuwa imebakiza wiki tatu. Nakala ya hesabu hizo haikuwapo mahali pengine popote. Mama huyu hakuwa na elimu ya kompyuta, lakini alifanya jambo moja la busara: alikataa kuiacha diski ya zamani dukani, ingawa aliambiwa kwamba haina kazi tena. Tutarudi kwake baada ya kueleza kilichokuwa kinatokea.

Neno lililowapotosha wote ni hili “haionekani”. Tunapoambiwa kwamba diski haionekani, swali la kwanza tunalopaswa kuuliza ni: haionekani na nani? Mwanafunzi asiyeitika jina lake si lazima awe mtoro. Huenda anayeita anasoma daftari la darasa jingine. Kompyuta nayo ina madaftari zaidi ya moja. Lipo la vifaa vilivyofungwa ndani ya mashine, linalotunzwa na programu ya msingi tuliyozoea kuiita BIOS. Lipo la mifumo inayoweza kuwashwa, ambalo watu wengi hulichanganya na lile la kwanza. Lipo pia la programu ya kusakinishia iliyo ndani ya flashi, ambayo huona vile tu vifaa ilivyofundishwa kuviona. Diski nzima, isiyo na kasoro yoyote, yaweza kukosekana katika madaftari mawili ya mwisho na ikawamo katika lile la kwanza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu.

Kabla hatujaingia katika ukaguzi wenyewe, tuseme neno juu ya kutokufanya kitu. Katika diski za zamani, faili iliyofutwa hubaki pale ilipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, ndiyo maana mafundi wengi waliozoea diski hizo husema kwa ujasiri, “tutafomati kwanza, data tutairudisha baadaye.” Katika SSD, kauli hiyo ni ya hatari. Mfumo endeshi wa kisasa unapofuta au kufomati sehemu ya diski, huijulisha diski kwa amri iitwayo TRIM kwamba nafasi hiyo haina kitu cha kutunzwa, na diski huisafisha kwa wakati wake bila kumuuliza mtu. Kufomati kunakochukua sekunde chache kwenye skrini kwaweza kuwa mwisho wa picha za arusi, tasnifu au daftari la kikundi, na programu za kurejesha faili zisiambulie kitu. Kwa hiyo, iwapo ndani ya diski mna kitu unachokihitaji, usikubali ifomatiwe, usikubali sehemu zake zifutwe, na usikubali “iandaliwe upya” kwa kisingizio cha kujaribu tu. Mueleze fundi jambo hilo kabla hajagusa mashine. Ukiweza liandikeni kwenye karatasi ya mapokezi.

Sasa ukaguzi. Zima kompyuta, kisha iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS. Katika kompyuta nyingi kitufe hicho ni F2 au Delete. Katika nyingine ni F1, F10 au Esc. Ukurasa wa kwanza au wa pili huonyesha taarifa za mashine: kichakato, kumbukumbu, na vifaa vya kuhifadhia. Tafuta jina la diski na ukubwa wake. Huhitaji kubadilisha kitu chochote humo. Soma tu, na upige picha kwa simu. Picha hiyo ni ushahidi wa thamani kubwa kuliko maneno mengi ya dukani.

Jihadhari usisome ukurasa usiohusika. Orodha ya kuwashia huonyesha vifaa ambavyo BIOS inaamini vina mfumo wa kuwashwa. Usakinishaji unapokatika kabla faili za kuwashia hazijakamilika, diski huweza kutoweka katika orodha hiyo hata kama ni mpya kutoka kiwandani. Mashine husema haina cha kuwasha, nayo husema kweli, lakini mwenye mashine husikia kwamba diski imekufa. Tumeona risiti za diski mpya zilizonunuliwa kwa sababu ya kutofautisha vibaya kurasa hizi mbili.

Tuseme diski haimo hata katika ukurasa wa taarifa. Hapo tatizo lipo chini zaidi, katika mgusano, nafasi au diski yenyewe, na bado kifo ni moja tu kati ya maelezo. Zima mashine, ondoa chaja, na kama betri inaondoleka iondoe. Katika kompyuta ya mezani, SSD ya umbo la inchi 2.5 ina nyaya mbili, mmoja wa data na mwingine wa umeme. Mmoja ukilegea, diski hupotea. Badilisha waya wa data na ujaribu tundu jingine. Diski nyembamba ya M.2, ambayo kwa kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, huingizwa ikiwa imeinama kidogo, kisha hulazwa na kufungwa kwa skrubu ndogo. Ikiingia nusu huweza kuonekana leo na kupotea kesho. Itoe, iangalie, irudishe mpaka mwisho. Kazi hii ni ya bisibisi moja, ingawa tunakiri kwamba kwa baadhi ya kompyuta mpakato za siku hizi kufungua mfuniko wa chini bila kuuvunja ni sanaa peke yake. Usione haya kumwachia mwenye mkono wa kazi hiyo.

Hapa pana mtego wa sokoni ambao tungependa muujue vizuri. Diski mbili za M.2 zaweza kufanana kama mapacha, moja ikiwa ya aina ya SATA na nyingine ya aina ya NVMe. Mara nyingi ya NVMe ina pengo moja kwenye meno yake ya shaba na ya SATA ina mapengo mawili, lakini kibandiko ndicho cha kuaminiwa zaidi kuliko macho. Yapo matundu katika ubao mama yanayopokea aina moja tu. Ukiweka aina isiyostahili, na hata ikiingia vizuri, mashine haitaiona kamwe, wala hakuna kilichoharibika. Aidha, katika bao mama kadhaa za kompyuta za mezani, kuweka diski katika tundu fulani la M.2 huzima tundu moja au mawili ya SATA, nayo diski ya zamani “hufa” dakika ile ile mpya inapofungwa. Kitabu cha maelekezo cha ubao husema ni tundu lipi. Muuzaji anayekuuzia diski ya M.2 bila kukuuliza kompyuta yako ni ya modeli gani hajakuhudumia ipasavyo.

Diski iliyokatiwa umeme ikiwa katikati ya kuandika huweza pia kuhitaji muda wa kujipanga ndani yake kabla ya kujitambulisha tena. Wako watengenezaji wanaoshauri mashine iachwe ikiwa imewashwa katika ukurasa wa BIOS, bila kufanyishwa kazi yoyote, kwa takriban nusu saa, kisha izimwe na kuwashwa upya. Hatua hii haina gharama. Haisaidii kila mara, lakini ni afadhali kungoja nusu saa kuliko kulipa kwa haraka.

Kipimo cha mwisho katika hatua hii ni mashine nyingine. Yapo makasha madogo yanayoigeuza diski ya ndani kuwa diski ya nje ya kuchomeka kwa USB. Hakikisheni kasha ni la aina ya diski yenu, kwa maana kasha la SATA halisomi NVMe. Diski ikionekana huko, lawama huhamia kwenye tundu, waya au mpangilio wa kompyuta ya kwanza. Ikishindwa kuonekana katika mashine mbili tofauti, hapo neno “imekufa” linaanza kupata uzito. Dalili nyingine ya kweli ni diski kujitambulisha kwa jina lisilo lake au ukubwa usio wake. Mfano unaojulikana sana ni baadhi ya SSD za bei nafuu ambazo, zikiharibika, huacha kuonyesha jina la kampuni na badala yake huandika SATAFIRM S11. Ukiona hivyo, acha kuhangaika na usakinishaji. Kama dhamana haijaisha, diski irudi ilikotoka. Na kama ina taarifa za thamani, iende kwanza kwa mtaalamu wa kurejesha data.

Turudi kwa mama mhazini. Tulimwita fundi mwingine, tukaketi wote, mashine ikawashwa mbele yake. Katika ukurasa wa taarifa za BIOS, diski ya zamani iliposhindiliwa mahali pake ilijitokeza kwa jina lake kamili na ukubwa wake wa GB 512. Ilipobadilishwa na kuwekwa ile mpya, nayo ikajitokeza. Ubao mama uliosemekana kuwa mbovu ulikuwa umezitambua zote mbili bila kusita. Basi kwa nini flashi haikuziona?

Jibu liko katika aina ya kompyuta yenyewe. Kuanzia kizazi cha 11 cha vichakato vya Intel, kilichoingia sokoni mwaka 2020, kompyuta mpakato nyingi zimetoka viwandani zikiwa na kipengele kiitwacho VMD kilichokwisha kuwashwa. Kipengele hicho husimama kati ya mfumo na diski ya NVMe, kama bawabu mlangoni. Windows iliyokuja na mashine hiyo inamjua bawabu kwa sababu kiwanda kilikwisha kuiwekea draiva, yaani programu ndogo inayoufundisha mfumo kuwasiliana na kifaa. Programu ya kusakinishia iliyoandaliwa kwenye flashi ya kawaida mara nyingi haina draiva hiyo. Inafika mlangoni, haimjui bawabu, inaondoka na kutangaza kwamba nyumba haina mtu. Ukiiletea diski ya pili, ya tatu au ya kumi, itatangaza vivyo hivyo. Fundi angalipaswa kujiuliza: yawezekanaje diski mbili, moja ikiwa imetoka tu kwenye pakiti, zife kifo cha namna moja siku moja?

Kizazi cha kichakato husomeka katika jina lake. Core i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11, kwa kuwa tarakimu zake zinaanza na 11. Core i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Core i5-8250U ni ya kizazi cha 8. Ikiwa mashine yako ni ya kizazi cha 11 au zaidi, na BIOS inaiona diski ilhali flashi haiioni, shuku draiva kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Dawa yake haina bei. Kwa kutumia kompyuta nyingine, fungua tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, tafuta modeli yako hasa, kisha pakua draiva ya hifadhi iitwayo Intel Rapid Storage Technology. Ikiwa imekuja ndani ya faili moja la kujisakinisha, ifunguliwe kwanza ili folda ya draiva yenyewe ipatikane. Folda hiyo ndiyo inayonakiliwa kwenye flashi. Katika ukurasa ule ambapo programu ya kusakinishia inadai haina diski pana kitufe cha kupakia draiva. Kibonyeze, ionyeshe folda, na diski itajitokeza. Kwa mama yetu, zoezi hilo lilikwisha kabla chai tuliyomkaribisha haijapoa.

Watu wengine huchagua njia ya mkato: huingia BIOS na kukizima VMD. Mara nyingi njia hiyo hufanikiwa pale mfumo unapowekwa upya kabisa. Hata hivyo, kama ndani ya diski mna Windows ya zamani inayotegemea mpangilio ule, huenda isiwake tena baada ya badiliko hilo mpaka mpangilio urudishwe ulivyokuwa. Ndiyo maana tulisema mpige picha kabla ya kubadilisha lolote. Liko na jambo zito zaidi: kompyuta nyingi za sasa hufunga diski kwa usimbaji wa BitLocker, pengine bila mwenyewe kufahamu, na badiliko katika BIOS au kuihamishia diski kwenye mashine nyingine huweza kuifanya idai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo hana faili zake, hata diski ikiwa nzima kabisa. Kwa kawaida ufunguo hutunzwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Utafuteni leo, mashine zikiwa hai, na muuandike kwenye karatasi inayokaa mahali pengine.

Diski ya mama haikuwa imefungwa kwa namna hiyo. Iliwekwa katika kasha la USB, ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine, na folda ya hesabu za kikundi ikapatikana ilipokuwa siku zote. Ilinakiliwa mara mbili kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kugusa usakinishaji. Hatutaficha kwamba bahati ilisaidia. Kama fundi wa kwanza angalikuwa na draiva sahihi, na diski ikajitokeza mbele yake, huenda angaliifomati bila kuuliza, na mama angaliondoka na Windows 11 nzuri isiyo na kikundi ndani yake.

Tupite kwa haraka katika hali mbili zilizobaki. Ya kwanza ni pale programu ya kusakinishia inapoiona diski lakini inakataa kuitumia. Mara nyingi sababu ni mpangilio wa sehemu zake: diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR haikubaliki pale mashine inapowaka kwa mtindo mpya wa UEFI, unaotaka GPT. Windows 10 na 11 zina programu ya MBR2GPT inayobadilisha mpangilio bila kufuta faili, lakini nakala itangulie. Njia inayopendwa na mafundi wenye haraka ni kusafisha diski nzima. Kwa diski tupu haina ubaya. Ya pili ni pale usakinishaji unapokamilika na mashine bado haiwaki. Hakikisheni flashi imeondolewa, na kwamba hakuna aliyebadilisha BIOS kutoka UEFI kwenda mtindo wa zamani wakati wa kuhangaika. Flashi yenyewe nayo iwe chini ya shaka: iandaliwe upya kwa zana ya Microsoft, iwe na ukubwa usiopungua GB 8, na isiwe ile iliyopita mikononi mwa duka zima kwa miaka mitatu.

Na sasa tuje kwenye upande unaotuhusu sisi zaidi kama wasimamizi wa haki za mlaji. Mama mhazini alitaka kulishtaki duka lililomuuzia diski. Ilitubidi tumweleze kwamba diski ilikuwa nzima, ya ukubwa uliotajwa, na muuzaji hakusema uongo juu yake. Kosa lilikuwa katika uchunguzi, nao ulifanywa na mtu mwingine. Baada ya kuonyeshwa picha ya BIOS, fundi wa kwanza alikiri kwamba hakuufungua ukurasa ule, akarudisha fedha ya kazi. Hatumhesabu kuwa tapeli. Alikuwa na wateja sita barazani, na utaratibu aliojifunza kwa mashine za miaka kumi iliyopita ulikuwa umemtosha mpaka siku ile. Lakini mlaji hapaswi kulipia kisichojulikana kana kwamba kinajulikana.

Kwa hiyo tunawashauri mtenganishe malipo ya uchunguzi na malipo ya matengenezo. Fundi ana haki ya kulipwa kwa kuchunguza, hata akikuta hakuna kibovu. Pengine hapo ndipo anapostahili zaidi. Mwombeni aandike alichokiona: je, diski imo katika taarifa za BIOS? Je, ilijaribiwa katika mashine nyingine? Je, ni kifaa gani kilichothibitika kuwa kibovu, na kwa kipimo gani? Fundi mzuri hataona maswali haya kuwa ni dharau. Asiyeweza kuyajibu hajamaliza uchunguzi, na bei ya ubao mama isitajwe kwanza.

Mnaponunua diski, daini risiti ya EFD, na ombeni modeli na namba ya utambulisho ya diski viandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana. SSD nyingi za kampuni zinazofahamika hupewa dhamana ya kiwanda ya miaka mitatu au mitano, lakini dhamana ya duka yaweza kuwa ya miezi au wiki. Ulizeni ni ipi mnayopewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji juu ya bidhaa, na diski inayouzwa kwa ukubwa usio wake ni upotoshaji wa wazi. Ziko sokoni diski za nje zinazojitangaza kuwa na TB 16 kwa bei isiyofikia hata ya TB 1 halisi. Hizo hukubali faili za mwanzo kwa utulivu, kisha huharibu kila kinachofuata. Ipimeni diski mpya kwa kuijaza na kuisoma tena kabla ya kuikabidhi kitu cha maana, wakati ungali na haki ya kuirudisha.

Diski ya zamani ni mali yako, na yaliyomo ni yako zaidi. Ichukue. Ikiwa ina taarifa za watu wengine, kama zile za kikundi, za wagonjwa au za wanafunzi, kuitelekeza dukani si uzembe wa kawaida tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Kuna ugumu hapa ambao hatuna budi kuukiri: diski iliyokufa ndani ya muda wa dhamana hairudishiwi gharama bila kukabidhiwa, na iliyokufa haiwezi kufutwa. Wengine huamua kusamehe dhamana ili siri zao zisiondoke. Uamuzi huo ni wenu, na mtu asiwafanyie kwa niaba yenu.

Kama bado hamjaanza kusakinisha, mko katika nafasi nzuri kuliko wote. Nakilini faili kwenye diski ya nje, kisha ichomoeni. Fungueni faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo ili kuhakikisha zinafunguka. Pakueni draiva ya hifadhi na ya mtandao mapema. Chaja iwe imechomekwa na betri iwe imejaa. Kwa kompyuta ya mezani, tafuteni UPS hata ya kuazima kwa saa mbili. Ikiwa mashine ina diski zaidi ya moja, chomoeni ile isiyohusika, kwa sababu katika orodha ya kusakinishia huonekana kama “diski 0” na “diski 1”, na vidole vimewahi kukosea.

Mama mhazini aliibakiza ile diski mpya. Aliiweka katika kasha, na kila mwisho wa mwezi hunakili hesabu humo na kuikabidhi kwa katibu aende nayo nyumbani kwake. Mgawanyo ulifanyika kwa tarehe yake.

Karatasi za malalamiko ziko mezani karibu na mlango. Atakayekuja na suala la aina hii aje na risiti, diski yenyewe, na picha ya ukurasa wa taarifa za BIOS kama inawezekana.